Maabara Yetu Ubavuni mwa Msikiti

Chumba kizuri kuliko vyote katika mtaa wetu wa Likoni ni kile cha kuoshea mayiti, pale ubavuni mwa msikiti. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa ufunguo wake ninao tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Kuta zake zina vigae vyeupe kupita kimo cha mtu. Maji yake hayakatiki, kwa kuwa yanatoka kisimani. Madirisha yako juu na ni mapana, yanaingiza mwanga na upepo bila kuingiza macho ya watu. Na katikati ipo meza ndefu ya saruji, iliyosuguliwa ikawa laini kama sahani, yenye mteremko mdogo unaopeleka maji kwenye mfereji tunaouita ufuo. Aliyekijenga alikuwa mwenye duka wa hapa hapa, Mungu amrehemu. Alikuwa akisema kwamba watu wa mtaa huu wameishi vibaya, basi angalau waondoke vizuri. Akawa yeye wa kwanza kukitumia, rangi ya mlango haijakauka.

Upande wa pili wa ukuta ni shule ya serikali. Huko hakuna vigae. Madarasa mengine ni ya mabati, na mvua ikinyesha mwalimu huacha kusomesha, akakaa na watoto kusikiliza. Dawati la wawili hukaliwa na wanne. Walimu wake nawapenda na nawaombea dua, maana nimeona mwalimu mmoja akisahihisha madaftari amesimama, kiti chake amempa mtoto. Mimi ni maalimu wa chuo, maisha yangu nimesomesha Kurani, lakini kwa ujirani huo wa ukuta walinitia katika bodi ya shule, nami nikashukuru. Kazi yangu kubwa huko ilikuwa kufungua mkutano kwa dua na kuufunga kwa dua. Katikati nilinyamaza.

Mtaala mpya ulipokuja, shule yetu ya msingi ikaongezewa madarasa ya juu, Gredi ya Saba mpaka ya Tisa. Siku moja likaja gari likashusha masanduku ya vifaa vya sayansi. Vioo vya kila namna, hadubini mbili, taa za spiriti, na mifupa ya mtu mzima ya plastiki, imeunganishwa kwa waya kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu. Chumba cha kuviweka hakikushushwa. Mwalimu mkuu akaviweka ofisini mwake, akawa anakaa upande upande kama mtu aliyepanda punda. Mifupa ilitundikwa nyuma ya kiti chake. Watoto wakaiita Bwana Mifupa. Nasikia tangu siku hiyo wazazi waliokuja kugombana walizungumza kwa adabu.

Kisha ikaja habari kwamba wakaguzi wa elimu watapita. Shule isiyokuwa na maabara yenye maji, mfereji, mwanga na meza ya kufanyia kazi, madarasa yake ya juu yataondolewa, na watoto watahamishiwa shule nyingine. Iliyotajwa kwetu ilikuwa kisiwani, ng'ambo ya feri.

Hapo ndipo jambo liliponigusa mimi mwenyewe. Namlea mjukuu wangu wa kike, mamake yuko Arabuni kwa kazi. Wakati huo alikuwa Gredi ya Nane. Ni mtoto wa maswali. Ukimpa chai anataka kujua sukari imekwenda wapi. Kumvusha feri kabla ya alfajiri na kumpokea baada ya magharibi ningeweza, kwa shida. Lakini wenzake wengi wa darasani, wazazi wao ni watu wa vibarua. Nilijua watakachosema. Watasema alhamdulillahi, au watasema Bwana asifiwe, kila mmoja kwa imani yake, amesoma vya kutosha, akae nyumbani.

Alasiri moja mwalimu mkuu akaja barazani kwangu. Ni mama wa kutoka pande za Kaloleni, Mkristo anayeimba kwaya, mwenye sauti inayovuka ukuta hata akinong'ona.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi, nakikausha. Akachungulia, akatazama vigae, akatazama bomba, akatazama meza kwa muda mrefu kuliko watu wanavyopenda kuitazama.

"Maalimu, chumba hiki hakina kazi nyingi, sivyo?"

"Kazi yake ni ya kila mtu," nikamwambia, "lakini si ya kila siku."

"Basi siku ambazo hakina kazi..."

Hakumaliza. Nami nikaomba muda nikaswali, kwa sababu nilikuwa tayari nimekubali na niliona aibu kukubali upesi hivyo.

Kamati ya msikiti ilikutana baada ya isha. Niliwaeleza kwamba aliyekitoa wakfu alikusudia heri, na heri haipungui ikishirikiwa, bora mayiti atangulizwe kila mara. Wakaniuliza kuhusu usafi. Nikawajibu kwamba tumesomeshwa kuwa mtu hanajisiki kwa kufa kwake. Wakakubali. Mzee mmoja, fundi cherehani, ndiye aliyebaki na shaka.

"Mimi siwahofii watoto," akasema. "Naihofia tindikali. Wamwage leo, kesho mimi niletwe nilazwe hapo."

"Tutaisuuza."

"Mtaisuuza mkijua. Mtoto akimwaga kitu husema?"

Ikabidi iandikwe kwamba tindikali itatumiwa kwenye sinia. Hapo ndipo fundi cherehani akaridhika, na nadhani ni yeye pekee duniani aliyejadili hali ya meza yake ya mwisho mbele ya kamati.

Upande wa wazazi alikuja mama mmoja wa Kigiriama, anauza mihogo ya kukaanga kwenye lango la shule. Alinisalimu vizuri kwanza.

"Maalimu, mimi sina neno na elimu. Lakini mwanangu asome katikati ya wafu wa Kiislamu? Kama lazima ni wafu, si bora asome na wafu wetu?"

Nikamwambia wafu wakishaoshwa huondoka, hawabaki kusikiliza somo. Akafikiri.

"Hata mmoja habaki?"

"Tangu nianze kazi hii, hajabaki hata mmoja."

Akaniangalia usoni, akaona sisemi uongo, akanipa kipande cha muhogo.

Tukahamisha vifaa. Jeneza lililokuwa likikaa pembeni tulilipandisha kwenye dari ya varanda. Bwana Mifupa akatundikwa pembe ile lilikotoka jeneza, akitazama mlango. Muadhini hakuambiwa. Alfajiri alikwenda kuchota maji, na adhana ya siku hiyo ilichelewa kidogo. Alipokuja kuniuliza, sauti yake bado haijarudi, nilimwomba radhi kwa dhati.

Kuhusu ukaguzi, mwalimu mkuu alitaka nimshauri tutasemaje. Nikamwambia mimi siwezi kusema uongo, na katika chumba kile hasa siwezi. Tukakubaliana kwamba wakiuliza tutajibu, wasipouliza tusiwachoshe.

Wakaja asubuhi, wawili. Mmoja alikuwa bwana mrefu wa bara, mwenye suti na futi ya kupimia. Wa pili alikuwa mama wa makamo wa kisiwani, mwenye buibui na miwani, na kwa salamu yake tu nilijua anatoka nyumba kongwe za Mjini. Gredi ya Nane walikuwa wamejipanga kuzunguka meza, vioo vimepangwa juu yake vinang'aa. Mjukuu wangu alikuwa karibu na bomba.

Yule mama aliingia hatua moja, akaona meza, akaona ufuo, akaona mwandiko wa Kiarabu juu ya mlango. Midomo yake ikasema kitu kimya kimya, nami nilijua ni nini, maana ndicho tunachosema wote tukikumbushwa mauti. Kisha akaniangalia. Sikuinamisha macho. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Mwenzake alikuwa amefurahi. Alikuwa amezunguka shule nyingi na kuonyeshwa stoo zilizoandikwa "maabara" kwa chaki.

"Maji?" akauliza. Mjukuu wangu akafungua bomba.

"Mfereji?" Maji yakaenda zao.

Akapima meza. Akaiegemea kwa kiwiko.

"Hii ni ndefu. Wanatosha wangapi hapa?"

Mwalimu mkuu akanitazama mimi.

"Kwa kawaida mmoja," nikasema.

"Mmoja?"

"Wakisimama kando, wengi."

"Na huu mteremko?"

"Maji yasituame, bwana."

"Safi sana," akasema, akamgeukia mwenzake. "Unaona? Nimeona maabara za shule kubwa, hakuna aliyefikiria mteremko." Yule mama akaitikia kwa kichwa. Bwana akanyanyua macho juu ya mlango. "Na pale pameandikwa nini?"

"Kwamba kila mtu zamu yake itafika."

"Vizuri. Watoto lazima wafundishwe foleni."

Nilianza kuamini kwamba Mungu ametupitisha. Hapo kipaza sauti cha msikiti kikakohoa juu ya vichwa vyetu. Muadhini akatoa tangazo la msiba. Mzee jirani yetu, aliyekuwa dereva wa malori kule Changamwe, aliyeugua miaka na kupona kila tulipojiandaa, amefariki asubuhi hiyo. Mazishi ni baada ya swala ya adhuhuri.

"Poleni," akasema yule bwana. "Mko karibu sana na msikiti."

"Karibu sana," akasema mwalimu mkuu.

Kwetu mayiti hacheleweshwi. Kutoka nyumba ya marehemu mpaka msikitini ni mwendo mfupi, na wanawe ni watu wa kazi nzito, wenye mabega. Bwana mkaguzi bado anahesabu hadubini, nikasikia miguu kichochoroni na sauti za "Lailaha illallah". Nikatazama watoto, nikatazama vioo, nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anajua. Alikuwa ameshaanza kukusanya bika za kioo kifuani.

Nikamwendea mkaguzi.

"Bwana, nakuomba utoke kidogo. Mwenye chumba amefika."

"Mwenye chumba ni nani?"

Mlango ukafunguliwa. Naye akamwona.

Sitaki kumdhihaki mtu. Alitoka kwa heshima, ila alitoka upesi, na kile kiwiko alikishika mbali na mwili kama kilichoungua. Watoto hawakukimbia. Mwalimu mkuu alisema neno moja tu, "Vifaa," nao wakatoka mstari mmoja, kila mmoja na kioo mikononi, macho chini. Wa mwisho walikuwa wasichana wawili waliombeba Bwana Mifupa, mmoja kwapani, mwingine miguuni.

Kichochoro ni chembamba. Jeneza linaingia, mifupa inatoka. Waliobeba jeneza, kwa mazoea ya kuwapisha wenye msiba, wakajibana ukutani wakaipisha mifupa. Mzee mmoja akainua mikono akaiombea dua, nadhani bila kufikiri. Mwana mkubwa wa marehemu, macho mekundu kwa kilio, akaniuliza polepole:

"Maalimu, na huyu ni nani?"

"Ni wa shule."

"Poleni," akasema.

Tukafunga mlango. Nikatia nia, nikaanza kazi yangu pamoja na wanawe wawili. Kazi ile inataka moyo utulie, na kwa kawaida wangu hutulia. Siku hiyo nilijua kwamba nje ya ukuta ule madarasa matatu yanaondolewa, na mimi nina birika mkononi na siwezi kutoka. Nikamwambia Mola wangu kimoyomoyo kwamba nimemhudumia mja wake kwanza, kama tulivyoahidi, na yaliyobaki ni yake.

Madirisha yale ya juu hayapitishi macho, lakini sauti yanapitisha. Nikasikia yule bwana akisema, "Mama, mimi nimeegemea pale." Nikasikia mwalimu mkuu akisema ni pasafi kuliko ofisi yake, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kisha sauti ya yule mama wa kisiwani, taratibu: "Tumekuja kukagua somo pia. Watoto wapo, vifaa wanavyo. Waulize."

Nadhani yule bwana aliwatazama watoto arubaini na ushei wamesimama juani, wameshika vioo vitupu kana kwamba wanangoja kugawiwa uji. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, swali ambalo mwana wa pili wa marehemu alinitafsiria kwa kunong'ona huku anamimina maji. Alikuwa anauliza kama kuna kitu kigumu kinachogeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia kuwa maji kwanza.

Hakuna aliyejibu. Kwenye vitabu vyao, nimeambiwa baadaye, kuna dawa ya zambarau inayotajwa hapo, lakini dawa yenyewe haikuwamo katika masanduku, na kitu usichokiona ni vigumu kukikumbuka juani.

Sisi ndani tulikuwa tumefika maji ya mwisho. Nikafungua karatasi, nikatoa vipande vya kafuri, nikavivuruga ndani ya ndoo. Harufu ikajaa chumba, ikapanda, ikatoka dirishani.

"Kafuri," ikasema sauti nje. Niliijua.

"Nini?"

"Kafuri, sir. Babu huiweka kabatini kwenye karatasi. Haiyeyuki, haimwagiki, lakini ukirudi imepungua. Na haijaenda popote ila hewani. Hiyo hapo unayoinusa."

Mwana wa marehemu akanishika mkono.

"Ndilo jibu, Maalimu?"

"Mimina maji, mwanangu," nikamwambia.

Tulimkafini, tukamswalia, tukamzika. Niliporudi kutoka makaburini, wakaguzi walikuwa wangali wapo. Walikuwa wamekaa barazani pangu na vikombe vya kahawa, na Bwana Mifupa kati yao kwenye kiti, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Bwana wa bara alisimama kunipa mkono wa pole. Alitumia mkono wa kushoto, akakumbuka, akaomba radhi, akatoa ule wa kulia wenye kile kiwiko.

"Mzee," akasema, "ungeniambia."

"Hukuuliza, bwana. Ulichouliza nilijibu."

Akafikiri juu ya majibu yangu, moja baada ya jingine. Nilimwona anapofika kwenye "kwa kawaida mmoja". Bega lake likatikisika, akakohoa kuficha.

Yule mama akaweka kikombe chini. "Sheria inataka maji, mfereji, mwanga na meza," akamwambia mwenzake. "Inasema popote kwamba chumba kisiwe na kazi nyingine?"

Akatafuta katika makaratasi yake, mbele na nyuma.

"Haisemi. Aliyeandika hakuwaza."

"Basi?"

"Basi maabara ipo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa katika mchezo asiouchukia.

Jibu rasmi lilikuja baada ya wiki chache. Mwalimu mkuu alinisomea barazani. Madarasa ya juu yanabaki. Kuna sharti moja: saa za masomo, maabara isitumike kwa shughuli nyingine.

Akaikunja barua.

"Maalimu, hili tutawaambiaje watu?"

Nililitangaza baada ya swala ya Ijumaa, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutoficha. Niliwaambia mayiti atatangulizwa kama zamani, hilo halibadiliki, na akija wakati wa somo watoto watatoka kichochoroni, wameshazoea. Lakini kama kuna anayeweza kusaidia, masomo ya vitendo ni Jumanne na Alhamisi asubuhi. Nilisema hivyo kwa nia njema. Msikiti mzima uliangua kicheko, jambo ambalo sikuwahi kuliona humo ndani. Fundi cherehani alinisubiri mlangoni.

"Mimi niandike Jumamosi," akasema. "Lakini nisiwe wa kwanza kupita baada ya tindikali."

Maabara ya shule yenyewe tumeahidiwa. Walikuja watu, wakavuta kamba kuzunguka kiwanja, wakapiga vigingi, wakaenda. Kamba ililiwa na mbuzi. Vigingi vipo, watoto huvirukia wakati wa mapumziko. Sinung'uniki. Kiwanja kipo, na Mungu yupo.

Mjukuu wangu sasa yuko Gredi ya Tisa. Anasema atasomea dawa. Jumatatu na Jumatano jioni huja kunisaidia kusuuza meza kwa ajili ya somo la kesho yake. Yeye huanzia upande wa ufuo, mimi upande wa kichwani, tukutane katikati. Wiki iliyopita alisimamisha kitambaa akaniuliza.

"Babu, siku yako ikifika, nani atakuosha, maana wewe ndiye mwenye ufunguo?"

"Ufunguo nitauacha msumarini, mama. Atakayekuja atauona."

"Na ikiwa Alhamisi?"

"Mtatoka kichochoroni kama wengine."

"Tuna mtihani wa vitendo muhula huu, Babu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapanga tu. Akaendelea kusuuza, nami nikaendelea kusuuza, na usiku wake katika sijida nilimshukuru Mola kwa umri alionipa na kwa mtoto huyu, nikaongeza ombi moja ambalo sikuwahi kuliomba kabla. Nilimwomba kwamba, ikiwa si kumsumbua, anichukue wakati wa likizo.